"Umeosha, Kaka": Tuliyojifunza Nyumbani Kwetu Kuhusu Waswasi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanaadamu akampa akili ya kufahamu na moyo wa kukumbuka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzetu na wazee wetu. Sisi ni ndugu watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, na sote tumepitia madrasa. Tumeona mwaka huu tuandike habari ya kaka yetu mkubwa. Jina lake hatulitaji, lakini ruhusa ametupa mwenyewe. Alituambia, "Andikeni. Huenda yuko mtoto amekaa mferejini saa hizi na anadhani yuko peke yake duniani."

Kaka yetu alianza kuhifadhi Qur-ani akiwa na umri wa miaka kumi. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa na juzuu kumi na saba kifuani, na mzee wetu alipenda kusema kila mwaka una juzuu yake. Alikuwa na kumbukumbu kali. Ukimsomea nusu ya aya, yeye anaimalizia na kukuambia iko upande gani wa ukurasa, juu au chini. Kijana huyo huyo alisimama mbele yetu siku moja, mikono inamtiririka maji, akatuuliza, "Hivi nimeosha mkono wa kushoto?"

Tulicheka. Tulidhani ni mzaha.

MASHAHIDI WA UDHU

Mwanzo lilikuwa jambo dogo. Anatawadha, anasita, anarudia kuosha mkono. Mama alimwambia, "Umeosha mwanangu, nimekuona," naye akaenda zake kusali. Baada ya mwezi mmoja akawa harudii mkono tu, anarudia udhu wote tangu kutia nia. Baada ya miezi mitatu tulikuwa tunaamka kwa sauti ya maji uani kabla ya adhana ya Alfajiri, na tunapotoka kwenda skuli bado maji yanamwagika.

Tukawa mashahidi wake. Mmoja wetu alikaa kwenye ngazi ya ua, kazi yake kumtazama na kumhesabia: moja, mbili, tatu, uso umekwisha, moja, mbili, tatu, mkono wa kulia umekwisha. Tulifanya hivyo kwa mapenzi. Tulidhani akiwa na shahidi roho yake itatulia. Kweli ilitulia, kwa dakika mbili au tatu. Kisha anarudi: "Una yakini umeniona? Hukuangalia pembeni?" Tukamjibu, "Umeosha, kaka." Akauliza tena. Tukajibu tena. Tulipohesabu siku moja, mdogo wetu alikuwa amemjibu mara ishirini na sita kabla ya jua kuchomoza.

Mfereji wetu maji hutoka kwa siku, na siku yakikatika tunanunua kwa ndoo. Ndoo mbili zikawa za kaka peke yake. Mzee siku moja alikasirika, akafunga mfereji na kumwambia anafanya israfu na atakwenda kuulizwa. Kaka hakujibu neno. Alilia kimya, akatayamamu, kisha akatayamamu tena, na tena.

Ijumaa moja tulimkuta bado yuko uani wakati watu wanatoka msikitini. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi, na sala imempita. Tangu siku hiyo alianza kukwepa. Akiombwa kusalisha anakataa. Usiku mmoja alimwambia dada yetu maneno yaliyotutia hofu kuliko maji yote yaliyomwagika. Alisema akifungua msahafu yanamjia maneno machafu juu ya Mwenyezi Mungu, maneno asiyoweza kuyatamka, na kadiri anavyoyafukuza ndivyo yanavyorudi. "Mtu mwenye moyo kama huu hana haki ya kubeba Qur-ani," alisema. Alikuwa amekusudia kuacha kuhifadhi, na tulipomdadisi zaidi tukajua kuwa hata sala alikuwa karibu kuiacha. Aliona bora asisali kabisa kuliko kusimama mbele ya Mola wake hana udhu.

MTIHANI WA MAALIM

Ndugu msomaji, waliotushauri walikuwa wengi. Wako waliosema ni jini. Wako waliosema amesoma sana, akili imechoka. Wako waliosema ni ucha Mungu, tumwache. Maalim wake hakusema lolote katika haya. Alimwita, akamwambia, "Soma kuanzia mwanzo wa Suratul Kahf." Akasoma. Akamkatisha, akampeleka sura nyingine, akasoma. Nusu saa hakukosea hata herufi.

Maalim akamuuliza, "Nani aliyekwambia huna kumbukumbu?"

Kaka akasema, "Sikumbuki kama nimeosha mkono."

"Unakumbuka," Maalim alimjibu. "Ila huiamini kumbukumbu yako. Hayo ni mambo mawili mbalimbali."

Kisha akamwita mzee wetu na kumwambia tumsomee kaka dua na Qur-ani kama tunavyofanya, na pia tumpeleke kwa daktari wa maradhi ya akili, kwani Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu. Mzee alichelewa wiki tatu. Aliogopa majirani watasema mtoto wake ni mwendawazimu. Hatumlaumu, kwani hata sisi tuliona haya kuonekana kwenye mlango ule.

WANACHOSEMA WATAFITI

Mmoja wetu sasa anasoma mambo ya afya chuoni, na ndiye aliyetusomea habari za utafiti juu ya maradhi haya. Tulipozisikia tulitazamana. Maneno ya Maalim yalikuwa yamethibitishwa katika maabara.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu wazima wasio na maradhi yoyote. Waliwawekea jiko la gesi la kuchora kwenye kompyuta, wakawataka walifungue, walifunge, kisha walikague kama limefungwa. Kundi moja lilikagua jiko hilo mara 20. Kundi jingine katikati lilikagua kitu chengine, taa. Mwishoni wote waliulizwa: mara ya mwisho mlikagua sehemu zipi za jiko?

Majibu ya makundi mawili yalikuwa sahihi kwa kiasi kimoja. Kumbukumbu ya waliokagua jiko mara 20 haikuharibika. Lakini wao walisema picha ya jambo lenyewe imefifia kichwani, na hawana imani na wanachokikumbuka. Mwaka 2006 watafiti wa Canada, Adam Radomsky na wenzake, walilirudia jaribio hilo kwa jiko la kweli katika jiko la kweli, na jambo likawa lile lile. Utafiti mwengine wa mwaka huo ulionesha kuwa hali hii huanza mapema, baina ya mara ya pili na ya kumi.

Tafadhalini zingatieni jambo hili, kwa sababu ndipo ilipo siri ya maradhi. Sisi tulidhani kaka anarudia kwa sababu ana shaka. Kumbe pia alikuwa ana shaka kwa sababu anarudia. Alikuwa anakagua ili apate yakini, na kukagua kwenyewe ndiko kunakoila yakini yake. Ni kama mtu mwenye kiu anayekunywa maji ya bahari.

Kwa nini iwe hivyo? Watafiti wanaeleza kuwa jambo likifanywa mara nyingi kwa namna moja, akili huacha kushika sura yake, sauti yake na ubaridi wake, na hubakisha maana yake tu. Jipimeni wenyewe. Siku ya kwanza mliyoingia madrasa huenda mnaikumbuka mpaka harufu ya jamvi. Je, Jumanne iliyopita mlipitaje mlangoni? Mnajua mlipita, lakini picha hamna. Mtu mzima hajali. Mwenye waswasi husema, "Picha sina, basi huenda sikufanya," na hurudi mferejini.

Tena kuuliza ni namna nyengine ya kukagua. Kila tuliposema "Umeosha, kaka", tulikuwa tunamchotea ndoo nyengine ya yale maji ya bahari. Jambo hili lilituuma sana. Tulikuwa sehemu ya maradhi, nasi tulidhani sisi ni dawa.

HABARI YA FIKRA CHAFU

Na yale maneno machafu? Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walichapisha utafiti uliofanywa Uingereza, ambapo watu wazima wasio na maradhi waliulizwa kama wanapata fikra mbaya zinazowaingia bila ya kutaka. Takriban wanane katika kila kumi walisema ndiyo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi, wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na asilimia 93.6 walikuwa wamepata angalau fikra moja ya namna hiyo ndani ya miezi mitatu. Watu wengi hupitiwa na fikra hizo, wakashangaa kidogo, wakaendelea na kazi zao. Mwenye maradhi huishikilia na kuihukumu nafsi yake: "Kwa kuwa nimefikiri hivi, basi mimi ni mtu wa hivi."

Na kuifukuza hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka wanafunzi wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Tena waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Basi mtu anayekaa mchana kutwa akiulinda moyo wake usipitiwe na neno fulani, amelitia neno hilo ufunguo wa nyumba mkononi.

Wanafunzi wenzetu, sisi katika dini yetu tulikuwa na jibu la jambo hili kabla ya vyuo hivyo kujengwa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamlalamikia kuwa wanaona nafsini mwao mambo ambayo ni makubwa mno kwao kuyatamka. Hakuwafukuza wala hakuwaita wanafiki. Aliwafahamisha kuwa kule kuchukizwa kwao ni dalili ya imani iliyo wazi. Maalim alimsomea kaka hadithi hii, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumwona ameinua kichwa.

Wanavyuoni wetu nao hawakuyapuuza maradhi haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladi, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na nafsi, na humo aliuweka waswasi katika mlango wake, mbali na hofu na mbali na huzuni. Mwaka 2015 madaktari wawili walichapisha makala kueleza jinsi maelezo yake yanavyokaribiana na ya leo. Naye Ibn Qudama al-Maqdisi, aliyefariki mwaka 1223 Miladi, aliandika risala nzima ya kuwaonya wenye waswasi katika tohara na sala.

Fiqhi yetu nayo imejengwa juu ya kanuni kubwa: yakini haiondolewi na shaka. Tumeisoma sote darasani, tukaiandika ubaoni, tukaijibu kwenye mtihani. Aliyekuwa na udhu kisha akashuku kama umetenguka, udhu wake upo, na Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kutoka katika sala kwa sababu ya shaka tupu, mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Imepokewa pia kuwa yeye alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Sisi kwetu zilikuwa ndoo mbili.

MATIBABU

Daktari alimsikiliza kaka kwa muda mrefu. Alitueleza kuwa maradhi haya yanajulikana, kwa kifupi cha Kiingereza yanaitwa OCD, na kwamba utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kuwa watu wapatao 2.3 katika kila 100 huyapata wakati fulani maishani. Alisema kila mtu ana shaka mara moja moja. Hugeuka maradhi pale yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomzuia mtu na masomo, sala na watu wake.

Matibabu yalikuwa mawili. La kwanza ni dawa, ambazo alituonya kuwa huenda tusione nafuu mpaka wiki nane hadi kumi na mbili zipite, na tusiache katikati bila ya kumwambia. La pili ni mazoezi. Njia hii ilianza kuandikwa mwaka 1966, pale Victor Meyer wa London alipoeleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili. Mgonjwa hukabili kile kinachomtia hofu, kisha asifanye lile tendo la kujituliza, mpaka hofu ishuke yenyewe.

Kwa kaka ilikuwa hivi. Maji ya udhu yatakuwa jagi moja la lita moja. Udhu mmoja, bila ya kurudia. Maalim aliongezea fatwa yake: "Ukimaliza jagi umekwisha tawadha. Nenda kasali, na mimi mwalimu wako nakwambia usirudie." Na sisi tukapewa kazi nzito kuliko zote. Tusijibu. Akiuliza tumwambie kwa upole, "Kaka, hilo tulikubaliana hatulijibu," kisha tukae naye.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko mwaka mzima uliotangulia. Alikaa juu ya mswala akitetemeka. Alitusihi. Alituambia hatumpendi. Usiku wa nne mdogo wetu alishindwa, akanong'ona kupitia tundu la mlango, "Umeosha, kaka, wallahi nimekuona." Asubuhi yake kaka aliuliza mara kumi na moja, na tukalazimika kuanza upya. Hatukumgombeza mdogo wetu. Sote tulikuwa tumeshawahi kusimama nyuma ya mlango ule na neno hilo mdomoni.

Mama ndiye aliyetufundisha kunyamaza. Alikuwa akikaa kando yake uani na tasbihi mkononi, hasemi neno mpaka amalize jagi. Tulikuja kufahamu kuwa ipo rehema katika kumjibu mtu na ipo rehema katika kutomjibu, na ya pili ni ngumu zaidi.

Kufika mwezi wa tatu maji yalikuwa hayasikiki tena Alfajiri. Tuliamka siku moja tukadhani amelala, tukaenda kumwamsha. Tulimkuta chumbani anasoma juzuu ya kumi na nane.

NASAHA ZETU

Hatutaki mdhani kuwa mambo yamekwisha kabisa. Kaka yetu alimaliza juzuu thelathini, lakini alichelewa miaka miwili nyuma ya wenzake. Siku za mitihani bado husita mferejini. Husimama, hutazama mkono wake wa kushoto, kisha hufunga maji na kwenda zake. Anasema shaka haijaondoka, ila ameacha kuitii.

Kwa hayo tuna nasaha chache.

Kwanza, mwanafunzi mwenzetu, ukiona unarudia udhu, nia au takbira mpaka wakati unakupita, usifiche. Mwambie mzazi wako au maalim wako. Si dhambi uliyoifanya wala si udhaifu wa imani.

Pili, wazazi wetu, msimdhihaki mtoto wala msimpige, na pia msiwe mashahidi wake kila siku. Shikamaneni na daktari na mwalimu, neno lenu liwe moja.

Tatu, dua na dawa havigombani. Tumesoma Suratun Naas kwa kaka yetu usiku kwa usiku, na tumemnunulia dawa zake mwezi kwa mwezi. Shifaa yote inatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Nne, sote tuziache ndimi zetu. Huyo mnayemwita "mtu wa waswasi" na kumcheka pale penye birika, huenda ndiye anayempenda Mola wake na akaogopa kumkosea kuliko sisi sote tuliomaliza udhu kwa nusu dakika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu utulivu wa moyo, awaponye wagonjwa wetu wanaoonekana na wasioonekana, na atukinge sote na shari ya mwenye kutia waswasi. Amin.

Wabillahi tawfiiq.

Wadogo zake watatu